Neno "kupotoka" na kamba ya wazee

Kwetu Bukavu, mutoto akiacha masomo, akiacha kusalimia wakubwa na kuanza kulala inje, watu hawakawii kusema: "Huyu amepotoka." Kisha jina linafuata hukumu. Basi tuangalie neno lenyewe limetoka wapi.

Mzizi wake ni kupota, maana yake kusokota. Muzee anachukua nyuzi kavu za mugomba, anazivingirisha juu ya paja kwa kiganja, mpaka nyuzi zisizo na nguvu zinakuwa kamba ya kufungia mbuzi. Ule mwisho wa -oka au -uka, mara nyingi unageuza kitendo: kufunga, kufunguka, kukunja, kukunjuka, kuchoma, kuchomoka. Kamusi zinaeleza kupotoka kuwa ni kupinda, kuacha kunyooka, na humo ndimo tunapata upotovu na kupotosha. Lakini mimi nikisikia neno hili naona kamba ambayo nyuzi zake zimeachana.

Hiyo si mambo ya shule tu. Katika baraza moja ya jamaa yetu, wajomba walikuwa wanasema juu ya kijana mumoja: "Bamufukuze, ni mupotovu." Shangazi mumoja akauliza: "Na ninyi mulimupota lini?" Watu wakanyamaza. Baba yake alikuwa kwenye machimbo ya Kamituga miaka mitatu, mama anashinda sokoni, na hakuna mujomba aliyekuwa anapita kumuuliza habari. Siku ile mujomba seremala akakubali kumuchukua kwenye atelie yake. Kazi haikuwa rahisi, alitoroka mara mbili, lakini walimurudisha.

Hatari ya neno ni hapo: tunamutazama uzi mumoja, tunasahau kamba. Katika miji yetu kuna watoto walioitwa wapotovu, kisha wachawi, kisha wakafukuzwa nyumbani. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mutoto ya tarehe 10 januari 2009 inaendelea njia ile ile. Lakini sheria haikai nasi katika baraza ya jamaa. Pale tunakaa sisi wenyewe.

Wazee wetu hawakuwa wanatupa kamba iliyoachana. Walikuwa wanaongeza nyuzi, wanaipota tena. Basi siku tutakaposema "amepotoka", tuseme pia nani kati yetu ataweka mukono.