Mistari ya Mkaa

Ijumaa, 8 Novemba 2024, Al Rayyan, Qatar

Mama amefariki baada ya alfajiri. Kaka alipiga simu nikimnywesha mtoto wa mwajiri wangu maziwa. Saa za hapa na za Mombasa ni zile zile, na kwetu pia jua lilikuwa ndio linachomoza. Amezikwa Kikowani baada ya sala ya Ijumaa. Hata ningepanda ndege saa ile nisingewahi. Najua wanawake kwetu hawaendi makaburini, ningebaki uani na wenzangu. Uani ndipo nilipotaka kuwa.

Jumapili, 10 Novemba

Siku ya tatu ya matanga. Binti yangu kaniuliza kwenye simu: vikombe vya Nyanya vitachukuliwa na nani?

Mama alianza kulea watoto wa mtaa wa Majengo baba alipotuacha na kwenda mbele ya haki. Wanawake waliokwenda kuchukua mboga Kongowea walimgongea kungali giza, mtoto bado yu usingizini mgongoni, kafungwa kwa leso. Kabla ya kumpokea, Mama alimgusa shingoni kwa mgongo wa kiganja. Mwenye homa hakumrudisha, maana alijua mamake asipofika sokoni siku hiyo hawali. Alimlaza kitandani kwake, mbali na wenzake. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake cha bati, na kwenye mkono wa kikombe uzi wa rangi yake: mwekundu, kijani, manjano. Wa binti yangu ni mweusi. “Kikohozi cha mmoja kisiwe cha wote,” alisema, na uji haukumiminwa mpaka nyuzi zikaguliwe.

Jumanne, 12 Novemba

Sheria ya hapa, Na. 15 ya 2017, inasema mfanyakazi wa nyumbani asizidishiwe saa 10 kwa siku, apate siku moja ya kupumzika kila wiki na likizo ya wiki tatu kwa mwaka. Tangu Machi 2021 kuna na kima cha chini cha mshahara, riyali 1,000. Mama hakuwa na lolote kati ya hayo. Alipokea shilingi 50 kwa mtoto, siku akilipwa. Mtaani walisema anakaa tu na watoto. Neno hilo linaniuma leo kuliko zamani. Mimi nalea mtoto wa watu hapa kwa kuwa wangu alikuwa mikononi mwake. Kila riyali niliyotuma nyumbani, yeye aliifanyia kazi pamoja nami.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimesali msikiti wa Education City, ule uliosimama juu ya nguzo tano zilizoandikwa aya za Kurani. Nimemwombea Mama mpaka watu wakapungua. Dada mmoja wa Tanga, hatujuani, aliniona nalia akakaa karibu nami, akaitikia amina.

Jumanne, 17 Desemba

Leo arobaini. Magari yote ya mtaani yana bendera, kesho ni Siku ya Taifa.

Siku ya maziko Kaka alitangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Hakuna aliyedai. Wanaodaiwa ndio wanaokuja. Mama aliandika madeni kwa mistari ya mkaa nyuma ya mlango, na kila mwaka kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama aliifuta yote kwa kitambaa kibichi, ya waliolipa na ya wasiolipa. Safari hii hakuifikia Ramadhani. Kaka anasema deni sasa ni mali ya warithi, na hitima imemwachia mzigo. Kweli, ni haki yake. Nimemtumia ujumbe wa sauti: fungu langu, theluthi, nimewasamehe wote, awaambie mmoja mmoja.

Akajibu kwamba bado kuna wanaogonga alfajiri na watoto mgongoni. Binti wa shangazi yuko tayari kuwapokea kuanzia Januari, vikombe achukue yeye, ila anataka shilingi 100 kwa mtoto, na Ijumaa hafungui mlango. Kaka anaona amezidisha. Nimempigia mwenyewe binti wa shangazi na kumwambia asishuke hata shilingi moja.