Gemu Ishirini na Moja

Jumamosi ile niliamka saa kumi alfajiri, si kwa sababu ya mashindano bali kwa sababu ya maji. Bomba la block yetu hapa Kakuma 1 hufunguliwa mapema, na ukichelewa unakuta madumu yamepangwa hadi barabarani. Nilibeba madumu manne ya lita ishirini, mawili mawili, kabla jua halijatoka. Sikumwambia mama kwamba siku hiyo ninauhitaji mgongo wangu. Ningemwambia hilo, ningelazimika kumwambia na mengine.

Mengine yalikuwa haya: shilingi 300 za kiingilio nilizitoa kwenye kopo la maziwa ambamo mama anaweka pesa za unga wa mandazi. Sikuomba. Nilijiambia kwamba usiku nitarudi na elfu kumi, na mama hata hatakumbuka kuuliza hizo mia tatu ziliondokaje. Mshindi wa kwanza alikuwa anapewa 10,000, wa pili 4,000, wengine wote wanapewa asante.

Pool, au pulu tebo kama wengi tunavyosema hapa, watu wanaudharau. Ndugu zetu wa mashirika wakisema michezo wanamaanisha mpira wa miguu, labda na voliboli ya akina dada. Pool wanauweka kundi moja na pombe na kamari, na siwezi kusema wamekosea kabisa, maana meza nyingi zipo palepale pombe ilipo. Mama naye yuko upande wao. Lakini wakisema huu si mchezo kwa sababu mtu hatoki jasho, hapo naomba niongee kidogo.

Tulichezea kwenye kibanda kimoja upande wa Hong Kong. Kwa msomaji asiye wa hapa: Hong Kong ni mtaa ndani ya Kakuma 1, usije ukafikiri tulipanda ndege. Meza zilikuwa mbili, zile ndogo za futi saba zinazomeza sarafu ya mbao ndipo ziteme mipira. Paa la mabati, kuta za turubai. Wachezaji thelathini na wawili: Wakongo, Warundi, Wasudani Kusini, Wasomali, Waethiopia, na vijana watatu Waturkana kutoka mjini ambao sote tuliwaogopa. Raundi mbili za kwanza, anayefikisha gemu mbili anapita. Robo fainali na nusu fainali, gemu tatu. Fainali, gemu nne. Ukiipiga hesabu hiyo asubuhi unaona ni kitu kidogo.

Mtu anayetazama kutoka nje anaona kijana anazunguka meza na fimbo. Haoni mwili unavyofanya kazi. Ili upige sawasawa lazima mguu mmoja uwe mbele, wa nyuma unyooke, kiuno kikunjike, kidevu kishuke mpaka karibu kiguse fimbo, kisha uinue shingo ili macho yaone mbele. Jaribu kukaa hivyo kwa sekunde kumi tu. Mgongo umelala, shingo imekunjwa kwa nyuma, kiganja kimoja kimeshika kitambaa. Halafu usitikisike. Sasa simama, zunguka, angalia, inama tena. Mimi kila gemu nainama kama mara kumi na tano, pamoja na zile mara ninazoinama, naona sivyo, nasimama bila kupiga. Siku ile nilicheza gemu ishirini na moja. Hiyo ni zaidi ya mara mia tatu. Aliyewahi kulima muhogo kule kwetu Fizi anajua kuinama mara mia tatu ni nini, ila jembe halikudai utulie kama maiti kabla ya kulishusha.

Na joto. Wasomaji wangu hawahitaji kuelezwa joto la Kakuma saa nane mchana chini ya mabati, lakini labda hamjui linavyomfanya mcheza pool. Vidole vinalowa, fimbo inakwama katikati yake, badala ya kuteleza inaruka. Tulikuwa tunapakana poda ya watoto mkononi, kopo moja watu kumi. Jasho linaingia jichoni wakati umeinama na mkono wa kulifuta ndio umeshika fimbo. Vumbi linatua juu ya kitambaa, mpira unapita hapo unapinda kidogo sana, kiasi cha kukosa shimo. Maji nilikunywa machache kwa makusudi, nikiogopa kuitwa nikiwa chooni, kwa sababu ukiitwa mara tatu hupo unatolewa. Huo ulikuwa ujinga. Kufikia saa tisa misuli ya nyuma ya paja ilikuwa inaruka yenyewe kama samaki. Chakula changu tangu asubuhi kilikuwa mandazi mawili, tena ya mama.

Pamoja na hayo nilikuwa nashinda. Mbili kwa moja, mbili bila, tatu kwa moja. Saa kumi jioni niliingia nusu fainali, na mwili wangu ulikuwa umechoka uchovu mtamu.

Kisha nikaambiwa ningoje.

Nusu fainali ya kwanza ilichezwa polepole mno. Baada yake jenereta ikaisha petroli na mtu akatumwa na bodaboda. Nilingoja tangu saa kumi hadi karibu saa moja. Nilikaa chini nikaegemea nguzo. Wala sikuwa na wasiwasi, maana kama kuna kitu nilichosomea katika maisha yangu, ni kungoja. Nilifika hapa 2013 nikiwa na miaka kumi na miwili. Nimengoja posho, nimengoja kuni, nimengoja jina langu kwenye ubao wa mahojiano na kulikosa, nimengoja daktari, nimengoja simu ambayo waliahidi kupiga. Sisi tukikaa kwenye mstari hatuchoki. Tunajizima. Mtu anajizima kama simu anayoitunzia chaji: macho yako wazi, lakini ndani hakuna anayewaza kitu, na saa nne zinapita kama moja. Nadhani bila ufundi huo wengi wetu tungekuwa tumepata wazimu.

Rafiki yangu mwenye bando alinionyesha video kwenye simu. Kumbe kuna Hong Kong nyingine, ile ya Asia yenye maghorofa, na 1996 walicheza huko Efren Reyes wa Ufilipino na Earl Strickland wa Marekani, wa kwanza kufikisha gemu 120. Siku tatu. Reyes alishinda 120 kwa 117, akachukua dola 100,000. Kichwani nilijumlisha: gemu 237. Mimi nilikuwa nimecheza tisa na goti linalia. Kilichonishangaza zaidi ni mtu anayekaa kwenye kiti. Kwenye mchezo wao mmoja akiwa mezani mwenzake anakaa pembeni, na akikaa hawezi kufanya lolote, hawezi kuzuia, hawezi kukimbiza mpira kama beki. Anatazama anavyofungwa. Unaweza kufungwa gemu nne mfululizo bila kugusa fimbo, kisha mwenzako akikosea unatakiwa unyanyuke na mkono usiotetemeka. Nilimtazama Reyes kwenye kiti. Hakuwa amejizima. Alikuwa ametulia, lakini macho yanafuata kila mpira.

Niliona hivyo na sikujifunza chochote. Nilirudi kwenye nguzo yangu nikajizima.

Waliponiita nilisimama kama mzee. Miguu ilikuwa imekauka, shingo haigeuki upande wa kushoto. Mpinzani wangu, kijana Mwethiopia mwenye adabu sana, alichukua gemu ya kwanza kabla sijakumbuka mashimo yako wapi. Ya pili nilikosa mpira ambao mdogo wangu wa miaka tisa angeuingiza kwa ufagio. Mbili bila. Nikaenda kukaa.

Mzee mmoja Mrundi ndiye aliyekuwa anaandika matokeo kwa chaki kwenye kipande cha mbao. Hakuinua hata kichwa.

"Mwanangu," aliniambia, "mbona umekaa kama unangoja posho?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, halafu lile neno likanishuka. Maana ni kweli kabisa. Kwenye mstari wa posho ukijizima hupotezi kitu. Kilo ni zilezile, uwe macho au usingizini, na zikipunguzwa haziulizi ulikuwa unawaza nini. Ndiyo maana tunajizima, kwa sababu hakuna tunachoweza kubadilisha. Lakini pale mezani kulikuwa na kitu cha kubadilisha, na mimi nilikuwa nimekaa kana kwamba hakuna. Miaka kumi na zaidi ya kungoja haikuwa imenifundisha kungoja kwa namna hii, ile ambayo zamu inakuja kweli, na ikija inakudai uwepo.

Nilisimama. Gemu ya tatu yote niliitazama nikiwa nimesimama na fimbo mkononi, nikitembea hatua mbili mbele, mbili nyuma, nikijiuliza kila mara: kama ningekuwa yeye sasa hivi ningepiga upi? Nilikunywa nusu lita ya maji. Inachosha, sitadanganya. Kutazama hivyo kunachosha kuliko kuinama, na kichwa kiliniuma hadi nyuma ya masikio. Lakini alipokosea nilikuwa tayari nimeshapiga mipira yote minne kichwani, kilichobaki ni mikono kufuata. Nilishinda tatu kwa mbili.

Fainali ilikuwa na mmoja wa wale Waturkana, kijana mkimya, mguu peku, anapiga bila kulenga sana na mipira inaingia. Tulivutana hadi tatu kwa tatu. Saa nne usiku ilikuwa imepita. Watu walikuwa wamejaa hadi juu ya mapipa.

Gemu ya mwisho alikosea, nikasafisha mipira yangu yote, akabaki mweusi. Alikuwa mdomoni mwa shimo la kona, sentimita chache tu. Mweupe alikuwa nyuma yake amenyooka naye. Kila anayecheza anajua hatari ya hapo: mweusi ataingia tu, shida ni mweupe kumfuata, na akimfuata umepoteza. Unampiga mweupe chini kidogo, polepole, asimame palepale. Nimepiga mpira huo mara elfu moja.

Niliinama. Na nikiwa nimeinama, kichwa kikaanza kugawa pesa. Elfu kumi. Toa mia tatu. Gunia la unga, mafuta ya lita ishirini hayatoshi, basi ya lita kumi, viatu vya mdogo wangu. Nilimwona mama akifungua kopo. Yote hayo kwa muda wa pumzi moja. Sikuhisi njaa wala mgongo, mwili ulikuwa umenyamaza, kichwa ndicho kilichokuwa kimeondoka kikaenda sokoni. Nikapiga, na nikainua kichwa kabla fimbo haijamaliza, ili nione.

Mweusi aliingia. Mweupe alibiringika nyuma yake taratibu kabisa, kama mtoto anayemfuata mama yake dukani, akafika ukingoni, akaingia.

Marafiki zangu hadi leo wanasema jenereta ilitikisika na taa ikapungua. Wananionea huruma tu. Taa ilikuwa inawaka vizuri. Yule kijana alinipa mkono, wa kwake ulikuwa umelowa kama wangu, na akasema kitu kwa Kiturkana ambacho sikuelewa.

Nyumbani mama alikuwa macho, amekaa kwenye mkeka na taa ya sola.

"Weye, unatoka wapi na hiyo miguu ya tembo?"

Niliitazama. Ilikuwa imevimba kweli, kamba za ndala zimechora mistari. Sikujibu, niliweka zile elfu nne juu ya mkeka. Mama alizihesabu, akachukua mia tatu, akafungua kopo, akazitia ndani, akafunga. Zilizobaki alizisukuma upande wangu.

"Ulichukua mia tatu," alisema. "Hukuchukua elfu nne."

Nilitaka kumweleza kuhusu mweusi na mweupe. Nilitaka kumwambia kwamba zile zote ni zake. Yeye alivuta dumu la maji, akalilaza, akaniambia niweke miguu juu yake, damu irudi. Akaniuliza kama nimekula. Akanipa ugali uliobaki na maharagwe, na hakusema tena neno juu ya pesa, ambalo kwangu lilikuwa baya kuliko kugombezwa.

Nililala palepale kwenye mkeka na nguo zangu. Alfajiri nilisikia madumu matupu yakigongana mlangoni. Nilijaribu kuinuka, mgongo ukakataa, nikageuka ubavu nikajaribu tena kwa kutumia mikono. Nilipofika mlangoni mama alikuwa ameshafika kwenye kona ya barabara, dumu mbili kila mkono, anatembea haraka.