Kushushwa si kukatwa



Tangu Jumapili simu yangu haijatulia kwa sababu ya ile Starlet nyeupe ya kijana wetu wa kinanda. Wengi mmenitumia picha yake ikiwa imeegeshwa hapa Katito, pale barabara ya Kendu Bay inapoachana na ya Sondu, imelala chini kama paka anayevizia panya. Mmoja ameniandikia kwamba roho ya dunia imepanda madhabahuni. Jaduong' mmoja, mzee ninayemheshimu sana, ameomba kijana asiguse kinanda mpaka gari lirudi lilivyokuwa. Nimewasikia nyote. Leo niruhusuni nijibu mara moja kwa wote, maana mnajua kabla ya wito nilishika spana miaka minne kule Kibuye.

Lile ni gari la marehemu baba yake. Toyota iliacha kutengeneza Starlet za aina hii mwaka 1999, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo hakuna Starlet ya aina hii barabarani leo iliyo changa. Hii ilikaa chini ya mwembe tangu tulipomzika mwenyewe, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Kijana akachomelea watu milango na madirisha, akaweka akiba, akaifufua. Mlipoiona ikipita mara ya kwanza mlipiga vigelegele. Sasa imeshuka, mmenyamaza.

Naelewa. Sisi watu wa Nyakach tumezoea kuinua. Probox zetu huwekewa vipande vya chuma kwenye springi ili zibebe magunia na zisiguse ule udongo mweusi mvua za Aprili zikianza. Gari lililoshuka linaudhi macho yetu. Lakini kuudhi macho ya mzee si dhambi, na Samweli mwenyewe, nabii mzima, alipofika nyumbani kwa Yese alivutwa kwanza na kimo.

Kilichonishtua mimi hakikuwa kimo. Ilikuwa njia. Kijana alikuja kwangu kabla ya kufanya lolote, akaniambia kuna fundi amejitolea kumkatia springi kwa grainda, mizunguko miwili kila upande, nusu saa, pesa kidogo tu. Nikamwambia, "Kijana wangu, keti chini kwanza."

Springi ikikatwa imekatwa. Hairudi. Inakuwa fupi na ngumu zaidi, na ile shoku ya zamani inabaki na urefu wake, kwa hiyo inafanya kazi ikiwa imebanwa karibu na mwisho, kila tuta inagonga. Ubaya mkubwa uko mahali pengine. Gurudumu likining'inia, labda umepiga shimo kwa kasi, springi fupi inalegea na inaweza kutoka kwenye kiti chake. Gari likirudi chini, springi imekaa upande. Hapo uko na mama yako ndani, uko kwenye ile barabara ya kuteremka Sondu na lori liko nyuma yako. Wengine hawatumii hata grainda, wanachoma springi kwa gesi mpaka ilegee. Chuma kikichomwa hivyo kimepoteza nguvu yake.

Akangoja miezi minne zaidi. Akanunua koilova zilizotumika, seti nzima. Kwa akina mama wasiozijua: ni shoku iliyovalishwa springi, na mwili wake umechongwa hesi kama bolti kubwa. Kwenye hesi kuna pete mbili. Moja inabeba springi. Nyingine inaibana ile ya kwanza isitembee. Ukizungusha pete, gari linashuka au linapanda. Ni hilo tu. Limeshuka, lakini hesi ya kupandia bado ipo.

Tulifanya kazi hiyo pamoja Jumatatu moja, siku yangu ya mapumziko. Gari juu ya stendi, maana jeki peke yake imezika watu, vijana sikieni hilo. Nati ya juu ya shoku ya zamani haifunguliwi mpaka springi ibanwe kwa vibano vyake. Ile springi ikiruka ina nguvu ya kuvunja taya. Hesi za koilova tulizisugua kwa brashi ya waya, tukapaka grisi, kwa sababu matope yetu yakikauka pale pete hazitazunguka tena na utakuwa umelipa pesa nyingi kwa kitu kisichorekebishika. Bolti za bushi tulizikaza gari likiwa limesimama kwa uzito wake lenyewe, si likiwa hewani, mpira usijipinde ukapasuka. Kisha tukapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne. Milimita 50 chini, kama alivyotaka. Siku iliyofuata akalipeleka Kisumu kupigwa alainimenti, kwa kuwa gari likishuka magurudumu hubadili mkao na tairi huliwa upande wa ndani.

Sasa nirudi kwa ombi la Jaduong'.

Kanisa nalo lina grainda. Nimeona vijana wengi wakikatwa nayo. Binti anavaa kitu kisichotupendeza, kijana ananyoa vibaya, na kikao kinaitwa Jumatano, na Jumapili nafasi yake kwenye kwaya imejazwa na mtu mwingine. Nusu saa, bei rahisi. Kweli ameshuka! Halafu tunashangaa miaka mitatu baadaye akipiga shimo la maisha anatoka kwenye kiti chake, hatumwoni tena. Paulo aliwaagiza Wagalatia namna ya kumshughulikia mtu aliyenaswa katika kosa (soma 6:1), na neno la Kigiriki alilolitumia ni lile lile ambalo Injili ya Marko inalitumia kwa wana wa Zebedayo walipokuwa wakitengeneza nyavu. Nenda ufuoni Kusa ukamtazame mvuvi akishona wavu uliopasuka, uniambie kama ana grainda mkononi.

Na hapa wala hatuna kosa. Tuna gari.

Paulo huyo huyo aliwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni (4:12) kwamba amejifunza kukaa chini na amejifunza pia kukaa juu. Mimi nikisoma pale naona pete mbili. Mungu akikushusha, kazini, kwenye ndoa, hata katika huduma, anakuacha na hesi. Mtu anayekushusha bila kukuachia mahali pa kupandia, mchunguze vizuri ametumwa na nani.

Kijana sikumwambia hayo yote. Nilimuuliza swali moja tu: "Nani hupanda gari hili?"

"Mama, Pasta. Na akina mama wa kesha kutoka Pap Onditi."

"Nyuma wanakaa wangapi?"

"Wakati mwingine wanne."

Hiyo nimeikemea, na si kwa Kiswahili peke yake. Lakini aliwaza mwenyewe usiku ule. Mama yake ana magoti mabaya, kuinuka kutoka kiti kilicho chini vile ni kazi, na akina mama watatu wakikaa nyuma tairi inasugua fenda. Alikuwa ameshaisikia harufu yake. Jana jioni nimemkuta uani kwao na spana ya pete mkononi. Gari limepanda milimita 25, mbele na nyuma, na leo asubuhi amelirudisha kwenye alainimenti. Hakuna aliyemlazimisha. Bado liko chini kuliko Probox zenu, na litaendelea kuwa chini.

Jaduong' alipita pale pale tukiwa tunapima. Alisimama muda mrefu, fimbo mgongoni, akazitazama zile pete. Mwishowe akauliza kama zinaweza kuwekwa kwenye gari lake, maana la kwake limeinuliwa mno na mkewe anapanda kwa shida.

Jumapili saa tatu kijana atakuwa kwenye kinanda. Na ninyi wa Pap Onditi mnaokuja kesha Ijumaa, nyuma ni watatu. Wa nne apigie simu Jaduong'.