Mito ya nuru: usiku mmoja kando ya maji, Florida

Karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, kipo kijiji kiitwacho Harambe ambacho hakina mwenyeji hata mmoja. Kuta zake zimepakwa rangi ya chokaa kuukuu na kubabuliwa kwa makusudi, mtindo wa majengo yake umechukuliwa kutoka Lamu, na vibao vyake vimeandikwa Kiswahili. Kibanda cha vinywaji na vitu vitamu kinaitwa Tamu Tamu, duka jingine limepewa jina la Mombasa, na hata baa ya pombe imeitwa Dawa. Jina la kijiji chenyewe ni harambee yetu iliyopunguzwa herufi moja. Kijiji hicho kimo ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani yenye wanyama hai, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili, 1998, katika eneo la ekari zipatazo 580.

Tulifika huko mwezi wa Agosti mwaka 2018, familia ya watu sita, tukiwa wageni wa ndugu zetu wanaoishi jimboni humo. Watoto walifurahi kuiona lugha yao ukutani, mbali kiasi kile na nyumbani, wakawa wanawasomea vibao Wamarekani waliosimama kando yao. Sisi watu wazima tuliokulia pwani tuliona pia kilichopungua. Lamu tunayoijua ina misikiti zaidi ya 20, na siku yake hugawanywa na adhana. Katika nyumba na misikiti yake ya kale mna mabirika ya maji ambamo huwekwa visamaki ili vile viluwiluwi vya mbu. Kijiji cha kuigwa kilikuwa na kuta za Lamu, lakini adhana hatukuisikia. Hatukuilaumu bustani kwa hilo, kwani kazi yake ni burudani. Lilitukumbusha tu kwamba kila tutakachoonyeshwa humo, hata kiwe kizuri namna gani, kimechaguliwa na mtu mwingine kwa makusudio yake.

Onyesho lisilo na fataki

Kilichotuleta hasa ni onyesho la usiku la maji lililoitwa Rivers of Light, yaani Mito ya Nuru. Kwa miaka mingi bustani hiyo ilikuwa ikifunga milango mapema kuliko nyinginezo za kampuni hiyo. Kwingineko wageni huagwa kwa fataki, lakini hapa fataki hazipigwi, kwani vishindo vyake vingewatia hofu tembo, twiga na vifaru walio jirani. Ndipo likabuniwa onyesho la maji, taa na muziki peke yake. Lilitarajiwa kuanza Aprili 2016, likachelewa, na hatimaye likafunguliwa tarehe 17 Februari, 2017.

Namna lilivyofanya kazi ni jambo la kuwaeleza watoto. Mabomba yaliyofichwa mtoni hurusha maji juu kwa umbo la upepo mpana, mfano wa ule wa kupepea moto. Matone yake membamba huwa kama pazia. Mitambo huelekeza picha kwenye pazia hilo, matone huitawanya nuru kuwaelekea watazamaji, na jicho huona mnyama akienda mbio hewani. Upepo ukivuma, pazia hupeperuka na mnyama hukatika vipande. Mvua ya radi, ambayo majira ya joto huwa haikai mbali na Florida, iliweza kulivunja onyesho zima. Mbali na mapazia hayo, vilipita juu ya maji vyombo vinne vikubwa vyenye sura za wanyama, vikiwaka kutoka ndani mfano wa fanusi: chui milia, tembo, kasa na bundi.

Viti vilikuwa ni ngazi ndefu kando ya mto, zenye uwezo wa kuchukua maelfu ya watu. Waliotaka mahali pazuri walikaa mapema kabla ya giza, na Magharibi iliingia wakati watu wakigombania nafasi. Tuligawana zamu: watatu walilinda viti, watatu wakatandaza miswala pembezoni, kisha wakabadilishana. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa akifagia njia alifika karibu nasi, akausimamisha ufagio wake, akazunguka upande wa pili. Hakusema neno, nasi tulimwombea kheri.

Walivyopokea watazamaji

Kelele zilipungua taa za mto zilipozimwa. Maneno katika onyesho hilo yalikuwa machache, na muziki ulikuwa wa taratibu, hivyo kila mtu aliachiwa kupokea kwa namna yake. Mbele yetu alikaa kijana aliyeinua simu tangu mwanzo hadi mwisho, akauona mto mzima kupitia kioo cha upana wa kiganja. Nyuma yetu familia moja ilianza kuulizana fataki zitaanza lini, na kabla ya onyesho kufika nusu ikainuka na kuondoka. Upande wa kulia alikuwapo bibi mmoja mwenye mvi aliyekuwa akijifuta machozi, na mjukuu wake amelala mapajani. Watoto wetu, ambao mchana kutwa hawakunyamaza, hawakutoa sauti. Mdogo wao aliunyosha mkono kama atakayemgusa kasa.

Lilipokwisha, baada ya robo saa hivi, makofi yalipigwa ya adabu. Tuliwasikia waliosema hawajapata kuona kitu kizuri kama kile, na waliouliza, "Ndiyo basi?" Maoni ya namna hiyo mbili yalilifuata onyesho tangu lilipofunguliwa. Wapo waliosifu utulivu wake, na wapo waliolalamika kwamba halina kisa wala kishindo. Mwaka 2019 kampuni ililibadilisha, ikatia picha za wanyama kutoka filamu zake.

Tulilolizingatia ni kwamba watu wale wote walitazama maji yaleyale. Aliyezoea kushtuliwa hakuona kitu, kwa sababu hakushtuliwa. Na sababu ya kutoshtuliwa kwake ilikuwa ni huruma kwa viumbe wasioweza kujisemea. Sisi ambao tumefundishwa habari ya mtu aliyesamehewa na Mola wake kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu, tulipaswa kuwa wa mwanzo kuliona hilo. Tuliwaambia watoto: utulivu huu mmepewa ili tembo alale.

Swali la mtoto

Lakini onyesho hilo lilikuwa na upande mwingine. Lilijengwa juu ya hekaya isemayo kwamba mnyama akifa, roho yake hupaa na kuwa nuru inayocheza angani, kama mianga ile inayoonekana usiku katika nchi za kaskazini. Hayo hayakuhubiriwa kwa maneno mengi. Yalionyeshwa, nayo picha humwingia mtoto kwa wepesi kuliko hotuba.

Binti yetu wa miaka saba aliuliza tukiwa bado tunatoka kwenye ngazi, "Mama, na paka wetu amekuwa nuru?" Kabla hajajibiwa akaongeza, "Na Bibi je?" Bibi yake alifariki mwezi wa Rajabu, miezi minne tu kabla ya safari hiyo, na mtoto alikuwa hajamtaja tangu arubaini.

Hatukumjibu katikati ya msongamano. Tulipokwisha kukaa garini, mama yake alimweleza kwa utaratibu. Bibi hakugeuka taa ya mbinguni. Bibi yuko katika maisha ya barzakh, na mambo ya roho ni ya Mwenyezi Mungu, ambaye ametupa sisi elimu kidogo tu juu yake. Wanyama nao ni umma mfano wetu, wanamtukuza Mola wao kwa namna tusiyoifahamu, na hao pia watakusanywa mbele Yake. Kisha akamwambia lile ambalo onyesho halikuweza kumpa: Bibi hatufikii sisi, lakini dua zetu na sadaka zetu, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, zinamfikia.

Mtoto aliuliza kama dua hufika hata ikiombwa Marekani. Akaambiwa ndiyo, hata ndani ya gari. Akainua mikono akaomba kwa Kiswahili, Bibi atiliwe nuru kaburini kwake. Sote tuliitikia amina, na baba yake akaegesha gari kando kwa muda.

Mjomba hakukubali

Tuliporudi nyumbani tulisali Isha, kisha mazungumzo yakaendelea mezani. Mjomba wa watoto, ambaye hakufuatana nasi, alisema wazi kwamba asingewapeleka wanawe. Alitoa hoja mbili. Kwanza ni gharama: tiketi ya mtu mzima kwa siku moja ilizidi dola 100, nayo israfu ni israfu hata ikipambwa kwa taa. Pili, alisema, mtoto hawezi kuchuja; atabeba hekaya pamoja na uzuri wake, nasi hatutakuwapo kila mara kumtenganishia.

Hoja ya kwanza kila familia itaipima kwa uwezo wake na kwa haki za jamaa na majirani walio wahitaji. Hoja ya pili ni nzito, na hatukuichukulia kwa mzaha. Hata hivyo, hekaya za namna ile haziko Florida pekee. Zimo katika katuni, katika vitabu vya shule na katika simu iliyo mikononi mwa mtoto sasa hivi. Tofauti ni kwamba usiku ule tulikuwa tumekaa naye bega kwa bega, na swali lilipokuja lilitukuta sisi. Mtoto anayezuiliwa bila maelezo, na mtoto anayeachwa atazame peke yake, wote wawili hubaki na swali lao bila mtu wa kulijibu.

Mjomba alisikiliza, akasema, "Basi sharti lenu ni kukaa karibu." Tukamwambia, ndilo hilo.

Bustani ilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona. Ilipofunguliwa tena Julai ya mwaka huo, Mito ya Nuru haikurudi, na ikatangazwa kwamba imekwisha. Lakini maonyesho ya maji na taa yapo katika miji mingi, na familia nyingi za Afrika Mashariki zinazopitia Dubai, baadhi yao zikielekea Umra, husimama usiku kutazama chemchemi iliyo chini ya jengo la Burj Khalifa. Kwa wanaopanga safari kama hizo wakati wa likizo, tunashauri mambo machache. Ulizeni mapema onyesho linasimulia nini, maana picha nzuri haikosi kisa nyuma yake. Pangeni sala kwanza, kiti baadaye. Simu iwe moja kwa familia, na nayo iwekwe chini baada ya picha mbili tatu. Na mkiwa njiani kurudi msiwashe redio. Waacheni watoto waseme walichokiona, kisha waulizeni maji yale ameyaumba nani, na nani amejaalia jicho liweze kuiona nuru. Mkisikia swali ambalo hamkulitarajia, simamisheni gari mlijibu.