Nilimwambia dadangu akatae dawa

Wasee, leo sina vichekesho. Kaeni kidogo.

Dadangu mkubwa anaishi Minnesota. Mwaka jana jicho lake moja lilianza kuona ukungu, halafu miguu ikaanza kufa ganzi. Wakampiga picha za ubongo, wakampata na maltipo sklerosisi. Kwa lugha ya mtaa: askari wa mwili wamegeuka, wanatafuna ganda la neva kama panya anavyotafuna waya wa stima. Waya ukibaki uchi, ujumbe haufiki mguuni.

Daktari wake akataja natalizumab. Kutamka tu kulinishinda, lakini nilikuwa na bando, nikasoma. Marekani iliikubali Novemba 2004. Februari 2005 ikatolewa sokoni, kwa sababu kuna wagonjwa walipata PML, maambukizi ya ubongo yanayoweza kukuua au kukuacha na ulemavu, na hayana tiba. Saa nane usiku nikamtumia ujumbe wa sauti: "Dada, aki usikubali hiyo kitu."

Kwao ilikuwa jioni, akajibu papo hapo na ile sauti ya kifungua mimba: "Wewe umesoma ukaishia 2005?"

Kweli nilikuwa nimeishia hapo. 2006 ilirudishwa, kwa masharti makali, na kati ya watu waliosimama mbele ya wakaguzi kuomba irudi walikuwa wagonjwa wenyewe. Manze, hiyo ilinishika. Mtu anajua inaweza kumuua na bado anaiomba? Lakini kwenye utafiti mkubwa, mwaka wa kwanza ilipunguza mashambulizi kwa asilimia 68 kuliko kwa waliopewa dawa bandia. Kwa mtu anayeamka akishika ukuta, hiyo si namba tu.

Shida ni vile inafanya kazi. Inawafungia askari mlango wa ubongo. Waya haiguswi, sawa, lakini pia doria hakuna, na virusi vya JC, ambavyo wengi wetu tunavyo bila kujua, vinapata nafasi. Ndiyo maana unapimwa damu kwanza. Usipopatikana na alama za virusi hivyo, hatari ni ndogo sana. Ukipatikana nazo, na hujawahi kutumia dawa za kushusha kinga, miaka miwili ya kwanza ni chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Baadaye inapanda.

Dadangu alipatikana nazo. Tukagombana tena.

"Na huyo mmoja akiwa wewe?"

"Unahesabu hatari ya dawa pekee. Hii miguu yangu nani anaihesabia?"

Sikuwa na jibu. Mimi niko Umoja, napanda ngazi hadi nyumba ya nne nikiandika meseji. Kukataa kwangu hakungenigharimu chochote.

Alikubali. Kila wiki nne anakaa saa nzima kwenye dripu, na damu inapimwa tena na tena. Miaka miwili ikifika atakaa na daktari waamue upya, kwa sababu hata kuacha ghafla si salama, ugonjwa unaweza kurudi kwa hasira.

Jumapili mum aliniuliza kama hiyo dawa ni nzuri. (Hayuko hapa mtandaoni, asante Mungu.) Nikamwambia inamsaidia, juzi ametembea hadi dukani peke yake. Hiyo ingine dada alisema nisimwambie, na sijamwambia.