Nilichofuta kwenye simu ya mdogo wangu

Mama alipiga simu kutoka Muheza saa nne usiku, saa ambayo huwa hapigi kama hakuna msiba. Hakuuliza hali. "Mwanangu, nasikia mdogo wako kaingia Frimasoni."

Aliyempelekea habari ni jirani yetu hapa Mbagala, tunachangia naye ua. Alikuwa ameona picha kwenye simu ya mdogo wangu: miili, damu, kiumbe chenye kichwa cha mbuzi kimebebwa kama sultani. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu na anaishi kwangu tangu aanze sekondari. Kwa hiyo kama kuna kilichoharibika, kwa hesabu za mama, kimeharibikia mikononi mwangu.

Sijivunii nilichofanya. Nilisubiri alale, nikachomoa memori kadi ya simu yake, nikaifuta yote. Mafaili yalipita mia nne. Sikusikiliza hata moja. Na mimi ni mwandishi wa habari za afya, mtu ambaye hathubutu kuandika jina la dawa kabla hajaongea na wafamasia wawili.

Asubuhi hakulia wala hakugomba. Alisema "Sawa, dada," akaenda shule. Akaendelea hivyo wiki tatu. Umekula? Sawa, dada. Mtihani umeendaje? Sawa, dada. Wenye vijana wa umri huo ndani wanaijua hiyo "sawa". Ni mlango unaofungwa taratibu, bila kubamizwa.

Siku moja nikitafuta karatasi ya michango ya shule kwenye begi lake, nikakuta kaunta buku ambalo halikuwa la somo lolote. Najua, hilo ni kosa la pili. Kila ukurasa ulikuwa na jina la albamu, mwaka, dakika, alama juu ya kumi, na maoni yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu kama mwalimu anayesahihisha insha. Kumbe zile nyimbo nilizofuta zilikuwa na mhakiki wake.

Niwaeleze wasioujua muziki huo, maana nami sikuujua. Ni roki iliyokazwa, wenyewe wanaiita metali, na ndani yake kuna koo nyingi. Thrashi ni ile ya mbio: gitaa linakatwakatwa kama mboga, ngoma hazipumui. Blaki metali ilikulia zaidi Ulaya Kaskazini, sauti ni ya kukwaruza, maneno ni ya giza na baridi na mara nyingi shetani anatajwa waziwazi. Ile yenye melodi inaongeza gitaa zinazoimba, wakati mwingine na kinanda.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Metallica, albamu ya Master of Puppets ya 1986. Alama tisa. Kuhusu wimbo uliobeba jina la albamu alikuwa ameandika: "Anayeongea hapa ni unga wenyewe, unamwambia teja. Katikati gitaa linatulia kama mtu aliyepata dozi. Halafu linarudi kumdai."

Nilikaa kitandani kwake. Nimeandika mara kadhaa kuhusu kliniki za methadone, zilizoanza Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na hapa Temeke. Nimeketi kwenye benchi na watu wanaosubiri kikombe chao cha asubuhi, na zaidi ya mmoja ameniambia kwa maneno yake kwamba mwanzoni yeye ndiye aliyeutumia unga, baadaye unga ukamtumia yeye. Wimbo huo unasema hilohilo kwa dakika nane na zaidi. Nami niliufuta nikiogopa usimpeleke mtoto kwenye makundi mabaya.

Yule mwenye kichwa cha mbuzi alikuwa jalada la Reign in Blood ya Slayer, mwaka huohuo wa 1986. Nyimbo kumi ndani ya dakika 29. Alama nane: "Haina nyama ya ziada." Wimbo wa kwanza unamhusu Josef Mengele, daktari aliyewafanyia wafungwa wa kambi ya Auschwitz majaribio ya kinyama. Mimi nilisoma habari za madaktari wa aina hiyo chuo kikuu, kwenye maadili ya utafiti, maana kesi yao ndiyo iliyozaa Kanuni za Nuremberg za 1947: hakuna kumfanyia mtu jaribio bila ridhaa yake. Mengele mwenyewe alitorokea Amerika Kusini na hakuwahi kusimamishwa kizimbani. Mdogo wangu alikuwa ameandika pembeni: "Daktari? Kwa nini daktari?" Swali zuri kuliko mengi niliyouliza mimi nikiwa darasani.

Hapo nina ugomvi na albamu yenyewe. Wimbo unasimulia ukatili hatua kwa hatua, na hakuna sauti inayolaani. Kundi lilishutumiwa kwamba linawatukuza Manazi, likakana, na kampuni iliyokuwa isambaze albamu ikakataa. Naona ni upungufu. Kijana asiye na wa kumweleza anapata damu kabla ya maana. Yeye anasema hapana, mtu mzima haambiwi kwamba kuua ni kubaya. Mpaka leo hatujakubaliana.

Halafu nikafika kwa Dissection wa Sweden, Storm of the Light's Bane, 1995. Alama tisa. Pembeni, kwa herufi kubwa: "MTU MWENYEWE: 0."

Nilitafuta habari nikaelewa. Jon Nödtveidt, mwimbaji na mpiga gitaa wa kundi hilo, alifungwa kwa kushiriki mauaji ya mwanaume mmoja mjini Gothenburg mwaka 1997. Na miaka michache kabla ya hapo, Norway, vijana wa muziki huu walikuwa wakichoma makanisa. Lile la mbao la Fantoft, Bergen, liliteketea 1992. Kwa hiyo hofu ya mama haikutoka hewani. Wapo walioyachukua maneno ya nyimbo hizi wakayafanyia kazi, na mzazi ana haki ya kujua hilo.

Lakini albamu hiyo ni nzuri. Inaniuma kuiandika sentensi hiyo. Gitaa mbili zinapokezana kama waimbaji wa taarabu, na hata mimi nisiyeelewa neno moja la anayekoroma pale nilijikuta naimba ile tuni nikiosha vyombo. Mvulana wa miaka kumi na sita alikuwa ameshaliona tatizo hilo na kulitatua kwa namna yake: alama mbili, ya kazi na ya mtu. Mimi bado sijui kama hesabu hizo zinatengana kirahisi hivyo.

Kwa Dimmu Borgir tunacheka. Enthrone Darkness Triumphant ya 1997 ameipa sita: "Kinanda kimezidi, utadhani harusi." Mimi nimekulia Muheza, kinanda hakizidi. Ningempa nane.

Nimeruka mbele. Kabla ya kusikiliza chochote ilibidi niombe radhi, na haikuwa rahisi, maana nilimwomba kwa mambo mawili pamoja, la memori kadi na la kaunta buku. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akanipa iyafoni zake nisikilize wimbo alioupakua upya kwa bando la kuazima. Nilizichomoa masikioni kabla sekunde tano hazijaisha.

"Mbona juu hivyo?"

"Nikipunguza nasikia ule mlio."

Mlio gani? Nziii, akasema, sikio la kushoto, hasa usiku kukiwa kimya. Tangu lini? Tangu kabla hujafuta.

Mimi ndiye niliyeandika, kwenye gazeti hilihili, kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, na ikifika 90 basi saa nne tu. Simu iliyofunguliwa hadi mwisho kwenye iyafoni inaweza kupita 100. Alikuwa akilala nazo. Nilipekua simu yake nikitafuta shetani, sikumuuliza mwenye simu anasikiaje.

Hospitalini walimpima. Sauti nyembamba za juu zimepungua kidogo upande wa kushoto. Daktari alimweleza kwamba ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, na vikifa haviotei tena. Tulitoka na masharti: sauti isipite asilimia 60, mapumziko kila baada ya muda, hakuna kulala na iyafoni.

Na tusiibebeshe metali lawama yote. Jirani yetu yule aliyepiga simu Muheza, alipomcheza mwali wake, aliweka spika zenye urefu wa mlango chini ya dirisha letu, singeli mpaka adhana ya alfajiri. Hakuna aliyemwita Frimasoni.

Kutaja singeli kunanikumbusha albamu niliyomletea kama zawadi ya kusuluhishana. Inaitwa Duma, ya kundi la Nairobi lenye jina hilohilo, vijana wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, ilitoka 2020. Kwetu duma ni mnyama wa mbio. Wao wamelitoa kwenye Kikuyu, maana yake giza. Imetolewa na lebo ya Kampala ambayo jina lake halina ubaya kwa Kiganda ila kwa Kiswahili siwezi kuliandika kwenye ukurasa wa familia. Lebo hiyohiyo ndiyo iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli za studio ya Mburahati, midundo zaidi ya 200 kwa dakika. Nilimwambia thrashi isingemtisha mtu wa Mbagala. Akacheka, mara ya kwanza tangu usiku ule.

Tuliisikiliza Jumapili kwenye spika ndogo, mlango wazi, jirani akipita na ndoo. Ni kelele za mashine na mtu anayepiga mayowe kama anayekimbizwa. Alipomaliza kuandika saba yake alinisogezea kaunta buku. Alikuwa ameongeza safu mpya kwa rula, juu imeandikwa "Dada".

Niliandika tano.

"Wimbo wa mwisho hujausikiliza," akasema. Kweli sikuusikiliza. Nilikuwa naangalia kidole chake kilichokuwa karibu na kitufe cha sauti.