Vumbi Nyuma ya Bomba

Wengi mlionijua shuleni mlidhani ningekuwa mwalimu. Nakaa Uingereza, na kazi yangu ni kupima hewa ya majumba yaliyoondolewa asbesto. Nchi hii iliipiga marufuku mwaka 1999, lakini shule nyingi zilizojengwa kabla ya hapo zingali nayo, darini na kutani.

Mwaka jana, Ijumaa ya mwisho wa likizo, nilitumwa kwenye shule moja ambayo mafundi walikuwa wamekwisha ng'oa mbao za asbesto darini. Mwalimu mkuu aliningoja mlangoni. "Bwana, watoto wanarudi Jumatatu," akasema.

Watu hudhani kazi hii ni ya mashine. Sivyo. Kwanza nilihakikisha kwamba kazi iliyoandikwa imefanywa yote. Kisha nikavaa barakoa na nguo za kutupwa, nikaingia chumbani, kilichofunikwa kwa plastiki pande zote, nikakagua kila pembe kwa kurunzi. Hapo ndipo penye kazi ndefu na lawama nyingi. Nyuma ya bomba la maji ya moto nikakuta vumbi jeupe, kiasi cha chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Msimamizi wa mafundi akanisihi, "Washa pampu tu, hewa itapita." Na pengine ingepita kweli! Nikakataa. Walisafisha upya kwa saa tatu, na mwalimu mkuu akaacha kuniangalia usoni.

Ndipo nikawasha pampu. Lita 480 za hewa, na hazipungui hizo, hupitishwa katika chujio dogo, nami hufagia sakafu na kuta wakati uo huo, ili vumbi lililojificha liruke. Baadaye chujio hutiwa mvuke wa asetoni hata likawa angavu kama kioo, nyuzi zikahesabiwa kwa hadubini, moja moja. Zikiwa chini ya 0.01 kwa kila mililita ya hewa, chumba kimepita. Si kwamba kiasi hicho hakidhuru. Bali chini ya hapo hesabu yenyewe haiaminiki. Mwisho plastiki huondolewa, mahali hukaguliwa tena, na cheti huandikwa. Changu nilikitia sahihi Jumamosi jioni.

Nikiwa nimeinamia hadubini usiku ule nilikumbuka bweni letu la zamani. Mnakumbuka paa lake la asbesto? Vipande vilivyoanguka tulivitupa motoni nyuma ya jiko, vikalia kama bunduki, nasi tukakimbia tukicheka. Mimi nilikuwa hodari wa kuvitafuta, na wadogo niliwafundisha. Hakuna aliyetuambia kwamba maradhi ya nyuzi zile huweza kukaa kifuani miaka 20, hata 40, kabla ya kujitokeza.

Nasikia paa lile litashushwa likizo ijayo, na kwamba wanafunzi wataombwa kusaidia. Nimemwandikia mwalimu mkuu wetu barua mbili. Nimeomba lilowanishwe maji, lishushwe zima bila kupigwa nyundo, na wanafunzi wakae mbali. Nimeuliza pia vipande vitafukiwa wapi, na nani atakagua ardhi kabla watoto hawajarudi kulala. Nauli nitajilipia mwenyewe, kama nitaitwa.